Mizizi Niliyomletea Mkaza Mwanangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Apewe sifa na nyinyi wa mbele, na nyinyi mliokimbilia karibu na mlango kutafuta upepo, na wewe pia Mzee Mutua unayesinzia hapo. Najua utaamka nikifika mahali penye aibu.

Mchungaji amenipa dakika kumi. Nimemshukuru, ila dhambi zangu haziingii kwenye dakika kumi. Mwenye saa aifunike.

Wengine wamesimama hapa wakashuhudia walivyotolewa kwenye pombe. Wengine walitolewa kwenye miraa. Dada mmoja alitolewa mikononi mwa majambazi wa barabarani akiwa hana hata kiatu. Mimi pombe sijaionja maishani mwangu. Mimi nilikuwa mlevi wa maneno. Bwana amenitoa kwenye mdomo wangu mwenyewe, na ni hapa hapa Garissa, kwenye joto hili lenu, ndipo aliponikamata.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Mwadime. Natoka milima ya Taita, kule ambako maji ya kunawa asubuhi yanauma mpaka kwenye mfupa. Mwanangu wa pekee, Mwadime, ni fundi wa mashine za visima. Wiki mbili yuko nyumbani, mwezi mzima yuko Wajir, au Buna, au kokote ambako maji yamegoma kutoka ardhini. Mkewe ni Wakesho, mwalimu wa darasa la tatu, yule pale safu ya tatu mwenye kitambaa cha buluu. Ameniruhusu kusema haya yote. Nilimwuliza mara mbili, kwa sababu siku hizi nauliza.

Ndugu zangu, walioana wakakaa miaka sita bila mtoto. Si kwamba walikaa tu. Walikwenda hospitali, wakapimwa wote wawili. Wakesho aliambiwa mirija iko wazi, mayai yanakomaa kila mwezi, tumbo ni zima. Mwadime naye akapimwa, akaonekana hana tatizo. Hilo la Mwadime nililitangaza sokoni Wundanyi kama mtu anayenadi mahindi. Mchungaji, samahani, lakini nimekuja kusema kweli. Wanawake walikuwa wananunua vitunguu, nami nawaeleza majibu ya maabara!

Mwishowe daktari aliandika kwamba sababu haijulikani. Sasa nawaambia kitu: ukimwambia mama mkwe kwamba sababu haijulikani, umempa kalamu na karatasi tupu. Nilijaza! Nikasema ni kusoma kwingi. Nikasema ni baiskeli aliyokuwa akiendesha chuoni. Nikasema ni vidonge vya kuzuia mimba alivyomeza kabla ya ndoa. Hivyo vidonge sikuwahi kuviona, wala hakuna aliyeniambia viliwahi kuwepo, lakini niliwaeleza watu mpaka rangi yake.

Na nilikuwa na jirani, Mama Mghoi, mwenye wajukuu kumi na mmoja. Huyo mwanamke alikuwa akipita mbele ya mlango wangu, anawaita kwa majina yasiyo yao, kisha anasema, "Ai, nao ni wengi, wananichanganya!" Alijua anachofanya. Nikiingia ndani nakula ugali wangu kama nakula mchanga.

Basi nikaamua kuja Garissa mwenyewe. Nilifunga vitu viwili. Cha kwanza, kifurushi cha mizizi na magome, dawa ya uzazi ya kwetu, mzigo wa kutosha kuzalisha mwamba. Cha pili kilikuwa picha ya msichana anayeitwa Mkamburi, mwenye nyonga pana na tabia njema, ambaye nilikwisha kuongea na mama yake. Mizizi ikishindwa, Mkamburi angeingia. Ile picha niliificha ndani ya Biblia. Ndani ya Biblia, ndugu zangu! Kati ya Ruthu na Samweli, na wala sikuona haya.

Basi letu lilikuja na polisi wa kulinda msafara, tukafika kwenye kizuizi cha daraja la Tana. Wote tukashuka kukaguliwa. Askari mmoja akafungua kifurushi changu, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama, hii ni bangi?"

Mimi? Bangi? Nilipandisha sauti mpaka ng'ambo ya mto. Nikasema hii ni dawa ya tumbo la mkaza mwanangu, Mwalimu Wakesho, anayefundisha darasa la tatu hapo mjini, ameolewa miaka sita na hazai! Abiria wote wakanigeukia. Yule askari akafunga kifurushi polepole. Akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Na inafanya kazi, mama? Mke wangu yuko Kitui, mwaka wa nne huu." Nikampa mizizi mitatu. Bwana anisamehe, na mke wa askari huyo popote alipo anisamehe pia.

Kwenye basi lile alikuwemo mwalimu mwenzake Wakesho. Mpaka mimi nafika nyumbani na kuvua viatu, habari ilikuwa imekwisha kufika shuleni. Kesho yake Wakesho alirudi mchana, akaweka madaftari mezani, akaniambia bila kuinua macho, "Mama, leo ofisini wamenipa pole ya kutozaa na hongera ya dawa kwa pamoja."  Alikwenda akanipikia chai.

Nami nikachemsha mizizi yangu. Harufu yake ilikuwa kama ya mbuzi aliyelowa. Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Wakesho alikunywa akatapika, nikasema ubaya unatoka. Akanywa akaharisha, nikasema njia inafunguka. Akapungua mpaka sketi ikamzunguka kiunoni, nikasema sasa mwili unajiandaa! Mwadime alikuwa Buna kwenye visima, hakujua lolote.

Nilikuwa nimekuja kwa wiki mbili. Lakini mnaikumbuka ile mvua ya El Nino. Mbingu zilifunguka! Barabara ya Nairobi ikakatika, ya Wajir ikawa ziwa, malori yakazama mpaka kwenye madirisha. Nikabaki nimefungiwa kwenye vyumba viwili na mwanamke niliyekuja kumfukuza. Mwadime amekwama Buna, mimi nimekwama kwa mkewe. Leo nasema Bwana alijua kukata barabara. Wakati ule nilisema mengine.

Siku ya picha ilikuwa Jumapili, mvua inapiga mabati hatuwezi hata kuja kanisani. Wakesho akasema tusome Neno nyumbani. Akachukua Biblia yangu kabla sijanyanyuka, akafungua, Mkamburi akaanguka sakafuni na meno yake meupe yote.

"Mama, huyu ni nani?"

Ndugu zangu, uongo ulikuja wenyewe, umevaa na viatu. Nikasema, "Ni binti mmoja wa kule nyumbani anayehitaji maombi."

"Anahitaji nini?"

"Mume," nikasema. Angalau hapo sikudanganya.

Wakesho aliitazama ile picha mbele, akaigeuza nyuma, akairudisha taratibu mahali pake. Kisha akapiga magoti, akamwombea Mkamburi. Na hakuomba siku ile tu. Kila siku baada ya chakula cha mchana alimwombea kwa jina, "Bwana, mpe dada yetu Mkamburi mume mwema, wa kwake peke yake," na mimi nilipaswa kusema amina. Jamani! Ile amina ilikuwa inanikwama kama mwiba wa samaki.

Nikaona muda unakwenda, nikaongeza dawa. Nikakumbuka kwamba kwetu mwanamke huinuliwa miguu ukutani ili tumbo likae sawa. Basi kila mchana akitoka shule, namlaza mkekani, makalio karibu na ukuta, miguu juu, nami nimeketi pembeni nasimamia.

Ndipo siku moja Habiba akaingia.

Habiba ni jirani yetu anayetuletea maziwa. Watu wake ni wafugaji wa ng'ombe huko upande wa Kotile, na yeye anauza maziwa hapa mjini tangu ujana wake. Kiswahili chake kilinishinda siku za kwanza, Kisomali changu kinamshinda mpaka leo. Aliniita "ayeyo". Nilipouliza maana yake akaniambia ni nyanya, nikafikiri ananisimanga kwa kukosa wajukuu. Kumbe ni heshima tu anayopewa mwanamke mzee.

Basi Habiba akasimama mlangoni na maziwa yake, akamwona mwalimu mzima yuko chini na miguu ukutani. Akaangalia ukuta, akaangalia paa.

"Subhanallah! Maalim, nyumba naanguka? Wewe nashika ukuta?"

Wakesho akacheka. Alicheka akiwa vilevile miguu juu, machozi yakimtiririka kuingia masikioni, na baada ya muda sikujua tena kama ni kicheko. Nami nikaona aibu, na mimi nikiona aibu huwa naongea. Nikamwaga yote mbele ya Habiba. Miaka sita, hospitali, sababu haijulikani, vidonge, baiskeli.

Habiba akaweka maziwa chini, akaketi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kuamua kesi ya mifugo.

"Yeye nazaliwa bacha?"

Nikamwambia hapana, hana pacha.

"Kwa ng'ombe, kama mtoto ya kike nazaliwa bacha na dume, hiyo ya kike habana shika mimba. Hata wewe nafanya nini, habana. Sasa sisi nabiga yeye? Natukana yeye? Naweka miguu yake ukuta?"

 Kwa mara ya kwanza tangu nivuke ule mto, nikanyamaza.

"Haya. Mama yake nazaa ngabi? Dada ya baba yake? Dada ya mama yake?"

Nikasema sijui.

"Ayeyo! Mimi nataka nunua ng'ombe, nauliza mama yake, nauliza mbaka nyanya yake. Wewe nachukua mtoto ya watu miaka sita, hajui shangazi yake?"

Ndugu zangu, nilijua idadi ya mbuzi tuliotoa kwa wazazi wa Wakesho. Nilijua mmoja wao alikuwa na jicho bovu. Lakini shangazi zake sikuwajua hata majina.

Ndipo Wakesho akasema, miguu bado iko ukutani, anaiambia dari. Akasema baba yake ana dada wawili. Mmoja hakuzaa kabisa, akarudishwa kwao. Wa pili mimba zilimtoka tano au sita, akabaki na mtoto mmoja wa kiume. Na mama yake mwenyewe alipoteza nyingi kabla na baada ya kumpata yeye na kaka yake. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu ila mumewe. Mara tatu hedhi yake ilichelewa, wiki moja, wiki mbili, matiti yakamuuma, akaanza kuhesabu. Halafu damu ikaja, nzito, yenye maumivu, ikaisha. Mara tatu.

"Mbona hukuniambia?" nikamwuliza.

Akageuza kichwa akanitazama. "Ningekuambia, Mama, ungemwambia nani?"

 Jibu la swali hilo soko zima la Wundanyi lilikuwa linalijua.

Habiba ndiye aliyetuambia kwamba kwenye hospitali amekuja daktari wa kike, bingwa wa mambo ya wanawake, ameletwa kwa ndege pamoja na dawa za watu wa mafuriko. Habiba alikuwa anapeleka maziwa huko, akawa anajua kila kinachoingia na kutoka. Kesho yake tukaenda, tukikanyaga matope, Wakesho mbele na mimi nyuma na kifurushi changu, kwa sababu nilitaka daktari aiandike dawa yangu kwenye faili.

Tulikaa kwenye foleni mpaka mbu wakatuzoea. Tulipoingia, yule daktari alisoma majibu yote ya zamani, akavua miwani. Nilidhani atamwuliza Wakesho kuhusu vidonge. Akachukua karatasi, akauliza habari za shangazi! Kama Habiba vilevile! Akachora duara kwa kila mwanamke na mraba kwa kila mwanamume, akaunganisha kwa mistari, na kila mimba iliyotoka akaitia doa jeusi. Alipomaliza, upande wa baba yake Wakesho ulikuwa na madoa kama ngozi ya chui.

Nikamwambia kuhusu ng'ombe pacha wa Habiba. Akacheka sana, akasema kwa ng'ombe ni kweli kabisa, ila kwa binadamu msichana pacha wa mvulana huzaa kama kawaida. Lakini akasema mwenye ng'ombe ameuliza swali ambalo madaktari wengi wangelisahau.

Kisha akatueleza, nami nawaeleza nilivyoelewa. Mnisahihishe nyinyi mliosoma. Alisema ndani ya mwili wa kila mtu kuna nyuzi ndogo sana zisizoonekana, zinaitwa kromosomu, nazo zimebeba urithi wote: urefu, rangi, pua. Nusu tunapewa na baba, nusu na mama. Sasa kuna watu ambao nyuzi mbili zimebadilishana ncha. Kipande cha huu kimehamia kwa ule. Hakuna kilichopungua, kimehama tu, ndiyo maana mtu huyo ni mzima, ana nguvu, anafundisha darasa la tatu na hakuna anayejua. Lakini siku anapomgawia mtoto nusu, mgao unaweza kukosea, hiki kikazidi na kile kikapungua, na mimba ikashindwa kusimama. Mara nyingine inatoka mapema mno hata mwanamke asijue kwamba alikuwa nayo. Watu wanasema hashiki mimba, kumbe anashika na inaponyoka.

Alisema pia ziko sababu nyingine za urithi. Kuna wanawake waliopungukiwa na uzi mmoja katika sehemu ya mwili wao. Kuna koo ambazo hedhi hukatika mapema, mama na binti na shangazi. Akasema huenda ya Wakesho ni hii ya ncha, huenda siyo. Alirudia "huenda" mpaka nikaudhika. Nilikuwa nimezoea kuwa na uhakika.

"Na dawa yake?" nikauliza, nikaweka kifurushi mezani.

Daktari akafungua, akanusa. Alifanya vile vile alivyofanya askari.

"Mama, hii dawa uliijuaje?"

Nikasema, "Nilipewa na mama mkwe wangu."

"Alikupa umpelekee nani?"

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponikamata. Mzee Mutua, naona umeamka.

Nikasema, "Alinipa ninywe mimi."

 Wakesho akanigeukia. Daktari akauliza kwa upole, "Mwadime alizaliwa mwaka wa ngapi wa ndoa yako?" Nikasema wa sita. Akauliza, "Kabla yake?" Nikasema zilitoka mbili. "Na baada yake?" Nikasema hakuna kitu. "Na hii dawa ilikusaidiaje?"

Nikasema, "Daktari, niliharisha miaka mitano."

Yeye alicheka, Wakesho alicheka, na mimi nikaanza kulia. Nililia kama mtoto mdogo mbele ya daktari niliyemkuta siku ile. Kwa sababu nilikuwa nimesahau! Au niseme nilizika. Nilisahau jinsi mama mkwe wangu alivyoniita shimo lisilojaa. Nilisahau nilivyoketi mtoni peke yangu nikifua nguo zenye damu ili mtu asione. Siku nilipomzaa Mwadime nilitupa yote nyuma yangu, nikahamia upande wa waliozaa, nikafunga mlango. Na miaka thelathini baadaye nikabeba mizizi ile ile, nikavuka nayo mto, nikamnywesha mtoto wa mwenzangu.

Tuliporudi nyumbani nilichukua kifurushi nikakimwaga chooni. Kisha nikafungua Biblia, nikatoa picha ya Mkamburi, nikamwambia Wakesho, "Mwanangu, nina neno la kutubu. Huyu msichana..."

"Najua, Mama," akasema.

"Unajua nini?"

Akaigeuza ile picha. Nyuma, kwa mwandiko mzuri wa shule, Mkamburi mwenyewe alikuwa ameandika: Kwa Mwadime, kutoka kwa mkeo mtarajiwa. Mimi kusoma maandishi ya mkono ni shida, nilikuwa sijawahi hata kuigeuza! Wakesho alijua tangu Jumapili ile ya mvua. Wiki zote zile alipiga magoti akimwombea, na mimi nasema amina!

Nikamwuliza aliwezaje. Akaniambia, "Nilikuwa na hasira sana, Mama. Nikaona kuliko nikutukane, nikusemeshe amina."

Jamani, mnamwona huyo mwanamke? Mtazameni vizuri. Mimi nilikuja kumtafutia wa kuchukua mahali pake!

Na maombi yale yalijibiwa. Mkamburi ameolewa Voi na fundi wa gari moshi, mume wa kwake peke yake.

Maji yalipopungua, Mwadime akarudi, amekonda, matope mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia yote, hata ya Mkamburi. Alijifuta matope usoni. Kisha akasema, "Mama, ukimleta mwanamke mwingine hapa, mimi nahamia kisimani." Barabara ilipofunguka, yeye na Wakesho wakaenda Nairobi kutolewa damu, wote wawili. Majibu yalikaa wiki nyingi. Yalipokuja, yalikuwa kama daktari alivyosema: nyuzi mbili za Wakesho zimebadilishana ncha. Amezaliwa hivyo. Si vidonge, si baiskeli, si laana, si kosa la mtu. Daktari akawaambia hakuna dawa ya kurudisha ncha, na hakuna wa kuwaahidi kitu. Akasema mgao unaweza kukosea tena, na unaweza pia kuja sawa, kama ulivyokuja sawa kwa shangazi yake mwenye mtoto mmoja na kwa baba yake mwenye wawili. Mlango haujafungwa. Ni hayo tu.

Wakesho alisoma ile karatasi amesimama. Nilidhani atalia. Akasema, "Kwa hiyo sikufanya kitu." Akarudia tena, "Sikufanya kitu, Mama." Nikamwambia hukufanya kitu, mwanangu. Miaka sita alikuwa anangoja mtu mmoja aseme hivyo. Mtu wa kusema alikuwa mimi, nami nilikuwa na shughuli sokoni.

Sasa kuna wanaongoja niseme kwamba baada ya hapo alipata mtoto, tupige vigelegele. Ndugu zangu, baada ya hapo alipoteza nyingine. Ya nne. Safari hii nilikuwepo, nami niliambiwa. Nilipika uji, nikafua nguo, nikamfunika. Habiba akaja na maziwa, akaketi mlangoni, akaomba dua yake kwa lugha yake, nami nikaomba kwa yangu. Na tangu asubuhi mpaka jua linazama sikutoa ushauri. Sikutaja jani, sikutaja mzizi, sikusema "ungefanya hivi". Mnaonijua tangu zamani, niambieni: huo si muujiza? Lazaro alitoka kaburini, lakini mdomo wangu uliingia na ukakaa!

Juzi nilikwenda nyumbani Taita. Mama Mghoi akanisimamisha njiani na kundi lake, akaniuliza, "Mkaza mwanao bado tu?" Zamani ningefungua duka la maneno. Nikamwambia, "Mkaza mwanangu hajambo, anakusalimu." Akangoja. Nikangoja. Akachoka yeye kwanza.

Basi ndugu zangu, nawashukuru. Namshukuru Mungu kwa mvua, kwa daktari, na kwa jirani yangu Habiba, ambaye hayumo humu leo, ana msikiti wake, lakini alijua kuuliza pale ambapo mimi nilijua kuhukumu. Kama uko hapa una mwanamke nyumbani kwako, umemwandikia sababu kwenye karatasi tupu, njoo mbele. Usione haya. Mimi nilikuja na gunia zima la sababu. Na kama wewe ndiwe unayeandikiwa, dada yangu, mtegemee Bwana, na uulize habari za shangazi zako, na uende na mumeo mkapimwe wote wawili. Hukufanya kitu. Nalisema mbele ya watu, kwa sababu Wakesho nilimtukana mbele ya watu.

Naona Mchungaji amesimama. Namalizia. Wakesho ameniruhusu kusema kila kitu isipokuwa jambo moja aliloniambia wiki mbili zilizopita. Mama Mchungaji, usimgeukie, ameangalia chini. Sitasema! Mniulize mlangoni, sitasema. Mninunulie soda, sitasema. Mimi, Mama Mwadime, nimekaa na neno wiki mbili nzima na halijatoka.

Jamani, Bwana hapaswi kusifiwa?